Ufito wa Papa na Vitabu vya Ndege za Vita

Baada ya arobaini ya Papa tulikaa sebuleni kugawana alivyoviacha, na kusema kweli havikuwa vingi. Mdogo wangu alichukua redio. Dada alichukua sanduku la bati. Nyuma ya mlango kulikuwa na ufito mrefu, mweusi kwa moshi wa miaka mingi, wenye alama ndogo za kisu upande mmoja. Mke wa mdogo wangu aliushika akauliza kama auvunje, maana kuni zilikuwa zimeisha na chai haijachemka. Nikampokonya. Sikuomba, nilimpokonya mbele ya wageni, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Watu walinitazama kama wanaotafuta la kusema, na mimi nikatoka nje na kijiti changu. Nikikumbuka naona haya kidogo, ila ningefanya tena.

Ninyi wa rika langu, mlioimba uwanjani kila asubuhi chini ya bendera ya kijani kabla ya kuingia darasani, mnajua jinsi tulivyokua. Tulikua tukitega masikio. Wakubwa walizungumza kwa sauti ya chini, nasi watoto tuliokota vipande vya maneno tukavishona wenyewe. Mara nyingi tulishona vibaya.

Papa alikuwa mtia mafuta kwenye uwanja wa ndege wa Goma. Babu yake alitoka Maniema na mizigo ya chumvi na vitambaa, akauona ule mlima unaowaka na lile ziwa, akasema hapa hapa. Utulivu wa babu huyo haukumfikia Papa. Alikula amesimama, alikunywa chai akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye ua wa mawe na kurudi, na akiswali ndipo tulipopata nafasi ya kumwona mgongo wake bila haraka. Mimi alinipa jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita mwanangu. Aliniita Mama.

Kila wiki alitia mafuta ndege moja kuukuu yenye injini mbili, iliyopeleka vitunguu, maharagwe na nyama Kinshasa. Sisi tuliiita ndege ya vitunguu, kwa sababu Papa alirudi ananuka vitunguu na mafuta pamoja, na mpaka leo nikinusa vitu hivyo viwili mahali pamoja moyo unaniruka. Basi wakati Wazungu wenye maduka walipokuwa wanafunga mizigo yao, mmoja aliwagawia wafanyakazi wa uwanja vitu vilivyokataa kuingia kwenye masanduku. Wengine walipata sufuria na viti. Papa alipata kitabu.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeijua. Alikifungua mezani, akageuza kurasa mbili tatu, kisha akapiga kelele hadi Mama akatoka jikoni.

"Kuya muone! Njo yeye! Njo ndege yetu!"

Na kweli ilikuwa yenyewe, pua ile, mkia ule, namna ile ya kukaa chini imeinua kichwa. Ila mlangoni, pale vibarua wa Goma walipopitisha magunia, walikuwa wamejipanga askari wa Kimarekani wenye miamvuli mgongoni. Papa aliwatazama muda mrefu.

"Mama, unaona? Ilienda vita, ikarudi, ikaanza kubeba bitunguu. Na haina aibu."

Ugonjwa ulianzia hapo. Kila alipopata saa moja tulikwenda Birere, kwenye mabunda ya nguo kuukuu, maana ndani ya yale mabunda kulikuwa na kila kitu, viatu vya mguu mmoja, kofia za harusi, na mara chache kitabu. Papa hakutaka kitabu chochote. Alitaka ndege za vita za Wamarekani, za wakati ule ndege yetu ilipokuwa kijana. Alizijua kwa namba zake, na namba alizitaja kwa Kifaransa, be-diseti, pe-sinkante-en, kama mtu anavyotaja majina ya wajomba.

Siku moja nilinunua karanga kwa Mama Faida, mwanamke aliyekaa na beseni lake kwenye kona ya soko, nikapewa zimefungwa ndani ya picha ya bawa la ndege. Nikamkimbilia Papa. Alikuja mbio, akanunua karanga, akapata mkia. Tukatazama mapajani mwa Mama Faida. Kitabu kinene kilikuwa pale, kimefunguliwa, na alikuwa anakichana taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Mama Faida, niachie hiyo buku yote."

"Na karanga nitawekea batu wapi? Ndani ya mukono yako?"

"Nitakuletea magazeti."

"Magazeti inakunywa mafuta, inapasuka. Hii karatasi iko nguvu. Papa Ndege, weye unataka karanga ao unataka karatasi?"

Walikubaliana hivi: Papa alete magazeti yote yaliyosahauliwa na abiria, halafu akae pale akunje vifuko mara mbili mbili ili visipasuke, mpaka karanga za beseni ziishe. Papa alikaa. Ni siku pekee katika utoto wangu niliyomwona amekaa mchana mzima. Wapita njia walimcheka, yeye anakunja tu. Na mimi nilitumwa kuzunguka soko kuwafuata waliokwisha kununua, kuwaomba wanirudishie makaratasi yao. Nilirudi na kurasa saba zenye chumvi. Mzee mmoja alikataa kunipa yake. Alisema picha ni nzuri, ataibandika chumbani.

Nyumbani tulivivalisha vitabu nguo, kama tulivyovalisha madaftari ya shule, kwa karatasi ya mifuko ya simenti iliyokung'utwa na kufutwa kwa kitambaa. Kwa nje vyote vilifanana. Vilifika kumi na kimoja. Papa alivipanga kwenye sanduku la bati, chini ya blanketi, na jioni tulivitoa. Alichopenda zaidi ni ile michoro ya ndege zilizopasuliwa kama samaki, ambapo unaona mbavu, mirija, matangi, na kila kiungo kina namba. Mimi nilimsomea maneno ya Kiingereza kwa matamshi ya Kifaransa cha shuleni. Hatukuelewa neno hata moja, lakini Papa alifuata namba kwa kidole mpaka kidole kikajua njia.

Kidole hicho ndicho kilichotuletea makubwa. Ndege ya vitunguu ilianza kuvuja, mafundi wakatafuta siku mbili bila kupata. Papa, ambaye kazi yake ilikuwa kushika mpira wa mafuta na kunyamaza, akawaambia wafungue mahali fulani nyuma ya gurudumu. Walimcheka kwanza. Walipofungua waliacha kucheka. Papa alitusimulia mara tatu usiku ule, akitembea huku na huku, na mara ya tatu alimwonyesha Mama kwa kutumia bilauri na kijiko.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaro ya mtaa. Shefu wa mtaa, mtu wa Chama, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuona nani hajatoka. Alipofika kwetu aliingia ndani na Papa, mlango ukafungwa. Nyumba zetu ni za mbao, na ubao hauna siri. Niliweka sikio.

"Hii mabuku ya ndege za vita, unayo mingapi?"

"Kumi na moja, Shefu."

"Bon. Jumatatu nitakuya na mukubwa. Anataka kuyaona na macho yake. Usiambie mutu. Hata bibi yako, ngoja kwanza."

Mwezi ule ule mwalimu mmoja wa mtaa wetu alikuwa amechukuliwa na askari kwa sababu ya ramani. Ramani tu, ya kufundishia! Kulikuwa na vita kusini mwa nchi, na redio ilituambia kila siku kwamba adui ana macho kila nyumba. Na sisi tulikuwa na ndege za vita kumi na moja chini ya blanketi.

Nilimchunguza Papa jioni ile. Hakula. Alitembea kuliko siku zote. Aliipiga pasi abakosti yake, ile suti moja ya siku kubwa, halafu akashusha mfuko wa safari kutoka juu ya kabati, akaupangusa, akaufungua, akaufunga. Mama alipouliza ni nini, alisema hakuna kitu. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wanaochukuliwa, wenye bahati wanaruhusiwa kubeba mfuko. Nililia chini ya shuka mpaka dada yangu akanipiga teke.

Jumapili niliamua. Papa hatachukuliwa kama hakuna vitabu. Lakini utavificha wapi Goma? Kwingine mtu anachimba shimo. Kwetu ukipiga jembe chini linarudi linalia, maana tunakaa juu ya mawe yaliyomwagwa na mlima. Nyumba haina dari, na ua kila jirani anauona. Palibaki mahali pamoja ambapo hata mtu wa Chama hangetia mguu.

Nyuma ya nyumba zetu, upande wa kwenda Ndosho, kulikuwa na bonde dogo kwenye yale mawe meusi, lenye mazuku. Kwa msomaji asiyetoka kwetu niseme tu kwamba mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi na kutuama mashimoni. Haionekani. Inajaa na kupungua kama maji, na aliyezama humo haamki. Tulikuta humo kuku, panya, hata mbuzi mmoja, wamelala bila jeraha. Wakubwa walizungushia matawi ya miiba na kutukataza hata kufuata mpira. Lakini watoto wana elimu yao. Sisi tulijua kwamba jua likiwa kali na upepo wa ziwa ukivuma, mazuku inalala chini.

Saa sita mchana, upepo ukiwa unavuma, nilipita kwenye miiba. Nilibana pumzi, nikashuka, nikainama nikasukuma vitabu vinne chini ya mwamba uliochomoza mbele kama kibaraza, ili mvua isivipate na mtu aliye juu asivione. Nikapanda, nikapumua. Mara ya pili vitabu vinne. Mara ya tatu vilikuwa vitatu, na nilipoinama pumzi ikaniponyoka nikavuta kidogo. Magoti yakawa si yangu. Sijui nilipandaje. Nilijikuta nimekaa juu ya mawe, kichwa kinagonga, kanga yangu imebaki kwenye miiba. Na nilikuwa na furaha, jamani. Nilijiona nimemwokoa baba yangu.

Jumatatu saa kumi gari ilisimama mbele ya nyumba. Papa alitoka humo, amekuja nao moja kwa moja kutoka kazini, pamoja na Shefu na mtu mfupi mwenye mafuta meusi ndani ya kucha. Mama alikuwa sokoni. Papa alilivuta sanduku hadi katikati ya chumba kwa mikono miwili, kama anavyoleta mtu sinia mbele ya mgeni. Akalifungua. Akatoa blanketi. Akalikung'uta blanketi. Akatazama tena ndani ya sanduku tupu.

"Yalikuwa hapa," alisema.

"Papa," yule mtu mfupi alisema, bila ukali, "miye niko mukubwa wa mafundi. Nilisikia kuko mutu mwenye kujifunza ndege ndani ya buku, nikasema huyu nimuone, ju kuko nafasi moja ya kwenda kusoma ufundi Kinshasa, na jina ninatuma kesho asubui. Sasa nitaandika nini? Kama niliona sanduku?"

Shefu alikuwa anatazama viatu vyake. "Mukubwa, nakuapia, nilisikia yeye mwenyewe…"

Ndipo niliposhona upya yale maneno yote, na safari hii yalikaa sawa. Usiambie mutu, kwa sababu wengine wangeigombania nafasi. Mfuko wa safari, abakosti. Papa hakuwa na hofu siku zile mbili. Alikuwa na furaha, na mimi sikuwa nimewahi kuiona furaha yake ikiwa kubwa namna ile, ndiyo maana sikuijua.

"Papa, niliyaficha."

Aligeuka, na uso wake ulianza kucheka. "Wapi, Mama? Kimbia ulete!"

"Ndani ya mazuku."

Aling'oa ufito mmoja kwenye banda la kuku, akafunga kipande cha mshumaa kwenye ncha yake, akanishika mkono. Wale wawili walitufuata. Pale ukingoni nilimwonyesha ule mwamba. Ncha ya karatasi ya simenti ilionekana chini yake. Hatua tano, si zaidi. Upepo ulikuwa umetulia jioni ile.

"Zuia pumuzi, ingia mbio," Shefu alisema. "Ni dakika moja."

"Nitangoja," alisema mkubwa wa mafundi, na alikuwa anamaanisha.

Papa aliwasha mshumaa, akaushusha polepole mpaka ncha ya ufito ikagusa pale nilipokuwa nimesimama jana yake; moto ulizimika kabla ya kufika chini, naye akaukwaruza ufito kwa ukucha mahali ulipolingana na ukingo. Akawasha tena, akashusha mpaka moto ukazimika, akabana kidole mahali ufito ulipolingana na ukingo safari hii. Aliupandisha, akapima kwa shibiri kutoka mkwaruzo hadi kidole, akachomoa kisu na kukata alama kwa urefu huo huo kutoka chini. Nilidhani anahesabu jinsi ya kuingia. Lakini aliusimamisha ule ufito juu ya jiwe akaniita.

"Mama, simama hapa."

Nikasimama. Alama ilinifika mdomoni.

"Uliinama?"

"Ndiyo, Papa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Alinitazama, halafu akatazama ile ncha ya karatasi ya simenti, halafu mimi tena. Akachuchumaa, akanigeuzia mgongo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, miguu mirefu, lakini alinibeba kama mtoto mchanga akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Nyuma yetu Shefu aliita, "Papa Ndege, na mabuku?" Hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka, na mimi nilijua ni hasira. Gari iliondoka. Nafasi ilikwenda kwa mtu mwingine.

Jumamosi ya salongo, mtaa ulipokusanyika na majembe yake, Papa alisema mitaro ingoje. Aliwaongoza watu hadi kwenye bonde, wapange mstari na kupitisha mawe wakiwa wamesimama mbali. Shefu, ambaye naye alikuwa na huzuni ya kweli, alimshika bega.

"Ngoja kidogo, muzee. Upepo ikikuya, tutume mutu ayatoe kwanza."

"Mutu gani? Mutoto ya nani?"

Shefu aliuondoa mkono begani.

"Kama kuko kitu kizuri mule ndani, batoto bataingia," Papa alisema. Akatupa jiwe la kwanza. Nilisikia likigonga karatasi.

Tulijaza bonde lile mpaka saa nane. Papa aliendelea kutia ndege mafuta hadi uzeeni, akawaona vijana wakienda Kinshasa na kurudi mafundi, akawashikia mpira. Hakununua kitabu tena. Hakunipiga wala kunikemea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ufito aliuweka nyuma ya mlango, nami niliupita kila siku nikijua kwamba ameuweka ili nisisahau nilichomgharimu. Niliondoka nyumbani mapema, nimeolewa mbali, na sikuwa mgeni wa mara kwa mara. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye chumba kile. Watu walisema nimerithi miguu ya Papa.

Siku ile ya ugawaji nilikwenda na ule ufito hadi pale palipokuwa bonde. Pana nyumba juu yake sasa, na watoto wanacheza. Niliusimamisha ufito nikautazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu utotoni, maana nilikuwa nimeuogopa miaka yote hiyo. Nilijua alama moja, ile ya mshumaa. Juu yake kulikuwa na nyingine sita, kila moja imepanda kidogo kuliko ya chini.

Nikakumbuka. Kila mwaka, asubuhi ya kwanza ya shule, Papa aliniambia nisimame pale mlangoni, kando ya ufito, mgongo ukutani, aone kama sare imenikaa. Alinitazama muda mrefu, ananiwekea mkono juu ya kichwa, kisha ananiambia, "Nenda, Mama. Iko muzuri." Nilidhani anatazama nguo.

Nilijisogeza kwenye ufito. Alama ya mshumaa ilinifika kifuani. Ile ya juu kabisa, ya mwaka nilioondoka, ilinigusa utosini.